Walioipenda Rangi ya Ugonjwa Wangu

Kama macho yako yameanza kuingia ukungu, jiandae kwa watu kabla hujajiandaa kwa kisu. Kisu ni kidogo na kimeshikwa na daktari. Watu ni wengi na hawana kazi. Watakuja na majani, na mafuta, na asali ya nyuki wadogo, na habari ya shemeji yao aliyepofuka kabisa, kisha watakaa wamalize chai yako yote. Naandika haya sasa kwa sababu yangu yamepita, na ninaweza kuwadharau huku nikiwaona vizuri.

Naitwa Ghati, wengine huniita Mama Neema. Nilizaliwa Itiryo, Tarime, nikaolewa Robanda, kijiji cha kando ya hifadhi ya Serengeti, na Mwikoma anaitwa Yohana, mpishi kwenye kambi ya wageni. Mimi ni mchoraji. Nachora nchi: vilima, nyasi, mvua inayokuja. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Salumu wa Mugumu, sasa marehemu, aliyekuwa akiandika mabango ya maduka na kuchora kuku kwenye kuta za mahoteli. Alinifundisha kwamba nyasi hazina rangi, zina saa. Alfajiri ni kijivu cha njiwa. Saa tatu zimeshika umanjano. Saa sita mchana zimekuwa nyeupe kama majivu. Na mvua ikitishia upande wa Kenya, mbingu ikawa nyeusi huku jua bado linapiga chini, nyasi hizohizo zinawaka kijani mpaka unadhani mtu amewasha taa ndani ya udongo. Kwa ajili ya dakika hizo chache mimi huacha ugali motoni ukaungua, na nimegombezwa sana kwa hilo.

Wachoraji wenzangu wa kandokando ya barabara hawana habari na hayo. Wao wanachora jua jekundu kama nyanya iliyokanyagwa, mgunga mmoja, twiga mmoja, basi. Kesho wanachora tena. Nimeishi chini ya jua hili maisha yangu yote na sijawahi kuliona jua la namna hiyo, lakini wageni wanalinunua, wanalikunja, wanakwenda nalo kwao.

Halafu kuna wapiga picha. Huyu wa hadithi yangu anaitwa Deo, kijana wa Arusha, anayeleta wageni wenye kamera zenye lenzi ndefu kama mchi. Deo anazungumza habari za mwanga kama mchungaji wetu anavyozungumza habari za mbinguni: kwa uhakika mwingi, na kwa kufumba macho. Ana kitu anakiita saa ya dhahabu, yaani asubuhi na jioni. Ikifika saa sita anawalaza wageni wake hemani. "Mwanga mbaya," anasema. Kana kwamba mwanga ni ng'ombe wa mahari, unaweza kumkataa kwa kuwa amekonda.

Ugonjwa ulianza masika yalipokatika. Kwanza nilidhani ni vumbi. Nikasugua, nikaosha, nikasugua tena. Kisha taa za bodaboda zikaanza kuota nywele, kila moja ikija kwangu kama mbigili inayowaka. Nikamimina chai pembeni ya kikombe. Nikamsalimia mti. Jua la mchana likawa linaniuma ndani kabisa ya kichwa, nikachukua kofia ya Yohana ya kazini nikawa naivaa hata kanisani, na akina mama wa kwaya wakapata la kusema kwa muda mrefu.

Lakini nilikuwa nachora bado. Na hapa nataka unielewe wewe unayesoma: rangi haziondoki kwa kuaga. Zinapungua kidogo kidogo, na akili yako inakudanganya kwamba bado zipo. Mimi nilikuwa nachora mbingu kama siku zote, kwa mkono uleule, na nikiiangalia nilikuwa naona mbingu.

Nyumbu walipokuwa wanapita, Deo alikuja nyumbani akasimama mbele ya picha zangu mpya. Alinyamaza. Deo kunyamaza si jambo dogo.

"Mama Neema," akasema, "umekomaa."

"Nimekomaa vipi?"

"Umeacha zile bluu zako za kelele. Hii sasa ndiyo Serengeti yenyewe. Kila kitu dhahabu, kila kitu udongo. Ina maumivu fulani. Mama, huu mwanga umeutoa wapi?"

Sikujua ameuona mwanga gani, lakini nani anakataa sifa? Wiki ileile alirudi na habari kwamba kuna loji mpya inajengwa, wanataka picha za namna hiyo kwa kila chumba. Yohana alifurahi mpaka akachinja jogoo. Tembo walikuwa wamepita kwenye mahindi yetu mwezi ule wakatuachia mabua tu, kwa hiyo usimcheke.

Rangi zikaniishia. Nikaenda Mugumu kwa Hamisi, mtoto wa Mzee Salumu, ambaye hachori ila anauza rangi, mafuta ya taa na misumari. Nilinunua makopo, nikafungua moja palepale dukani, kwa desturi.

"Hamisi, umeniuzia nini hiki?"

"Bluu, dada. Ileile ya siku zote."

"Hii ni matope. Marehemu baba yako angekuona unauza matope angekuchapa."

Hamisi akacheka, akidhani natania. Nilipopandisha sauti akaacha kucheka. Akamwita fundi cherehani wa barazani. Fundi akachungulia kopo. "Bluu," akasema. Akamwita mama aliyekuwa anapimiwa mafuta. "Bluu hiyo, kwani vipi?" Mimi nikasema wote ni watu wake, wanakula pamoja. Basi Hamisi akatoka na kopo mpaka barabarani, akamnyooshea mtu aliyekuwa anapita na baiskeli. "Kaka, rangi gani hii?" Yule mtu akajibu "Bluu" bila hata kushuka.

Nikasimama pale na kopo la matope mkononi.

Hamisi akashusha sauti. "Dada Ghati, njoo ukae kivulini. Baba alikuwa anasema Mugumu nzima hakuna anayeijua bluu kama wewe."

Nilimwambia kivuli chake akae mwenyewe, nikaondoka. Njiani nilikuwa naangalia mbingu. Ilikuwa rangi ya chai iliyopoa.

Baada ya hapo habari zilienea, na ndipo watu wakaja. Jirani mmoja alileta majani ya kukamulia jichoni. Nikamwambia akamulie lake kwanza tuone. Mchungaji alikuja na mafuta, akaniwekea mkono kichwani, akauliza kwa upole, "Dada, kuna mtu hujamsamehe?"

"Wapo wengi, mchungaji," nikamwambia, "lakini hawakai jichoni."

Hakurudi. Mganga wa zahanati tu ndiye aliyezungumza kama mtu mzima. Alimulika tochi, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, nenda Tarime kwenye kliniki ya macho, ukapasuliwe. Mtoto wa jicho! Nimezaa watoto wanne na hakuna aliyenisumbua hivi, na hata mmoja wao hakuitwa jina zuri namna hiyo.

Hapo ndipo nyumbani palipochafuka. Yohana alisema, "Maliza kwanza kazi ya loji. Hospitali haihami."

"Macho yanahama," nikamjibu.

"Deo anasema picha zako hazijawahi kuwa nzuri kama sasa."

"Deo anapenda ugonjwa wangu. Wewe umeoa nini, mimi au ugonjwa?"

Akatoka nje. Hatukuzungumza siku nyingi, isipokuwa chumvi iko wapi na ng'ombe wamefungwa. Nilimpigia simu mdogo wangu Chacha, aliyeoa ng'ambo ya mpaka, Isebania, upande wa Kenya. Chacha ni mtu wa kelele, lakini akiitwa anakuja.

"Dada, wacha stress," alisema. "Panda gari ukuje Tarime, tupatane hapo. Hii kitu si ya kuogopa."

Vuli ilikuwa imeanza nilipopanda gari, matope hadi magurudumu. Yohana alinibebea mfuko hadi barabarani.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya macho, nikuambie. Ni mahali ambapo kila mtu anatazama mbele na hakuna anayeona kitu. Wanaita jina, wanasimama watatu. Ukutani walikuwa wamebandika picha kubwa ya mlima wenye theluji na ziwa, mandhari ya nchi za watu, eti kutuburudisha. Kutuburudisha sisi! Nilimwambia Chacha aisogelee anisomee rangi zake, akasema, "Ni white na bluu tu, dada," nikajuta kumuuliza.

Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Genkuru, Bibi Nchagwa, amejifunga kanga kichwani, amekaa kama chifu. Nikamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Una sauti ya mtu mwenye hasira. Kaa hapa karibu."

Tulikaa pamoja siku ile na kesho yake. Yeye aliwadharau watu kuliko mimi, na hilo lilinipa nguvu. Alimdharau jirani yetu wa benchi aliyejisifu kwamba presha ya jicho lake ilikuwa kubwa kuliko ya wote. Alimdharau mwanawe aliyemleta, kwa kuwa muda wote alikuwa nje kwenye simu. Akanimegea kiazi kitamu cha kuchemsha, akakitafuta kiganja changu kwa vidole vyake, akakiweka.

"Wakikufungua, unataka kuona nini kwanza?" akaniuliza.

"Bluu."

"Bluu ya nini?"

"Yoyote."

Akatafuna. "Mimi nataka kuona anachoniwekea mkwe wangu. Anasema 'Mama, nyama hiyo,' na mimi kila siku natafuna mfupa."

Tulicheka mpaka nesi akatoka kutunyamazisha.

Yeye aliitwa kwanza kupimwa. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshikwa mkono na nesi, anatembea taratibu, na mwanawe alikuwa bado nje. Nilimuuliza wamemwambia upasuaji lini.

"Wangu si mtoto," akasema. "Wangu mshipa umekufa ndani. Wamesema ilinipasa kuja zamani." Akakaa, akarekebisha kanga. "Wamesema vizuri, lakini. Yule daktari hakunificha."

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo mpaka jina langu likaitwa. Akanisukuma kwa kiwiko. "Nenda. Usiwapotezee muda."

Ndiyo sababu nakuambia usikae nyumbani kusubiri majani yafanye kazi. Mtoto wa jicho hutolewa. Hayo mengine hayasubiri. Huwezi kujua una lipi mpaka akumulike anayejua.

Upasuaji wenyewe hauumi kama unavyodhani. Wanatia dawa ya ganzi, wanafunika uso, hulali, unasikia vyombo na watu wakizungumza habari za chakula cha mchana. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: unaona rangi. Si vitu, ni rangi tupu. Zilikuja kwenye jicho langu la kulia zikiogelea, waridi, kisha kijani cha maji, kisha nyeupe iliyokuwa na upinde wa mvua ndani yake, zikitengana na kukutana. Nilisahau kuogopa. Daktari akasema, "Mama, usitikise kichwa," kumbe nilikuwa nataka kugeuka nizifuate.

Kesho yake nesi alibandua plasta. Chacha alikuwa amesimama mbele yangu ametabasamu, tayari kuonwa. Sikumwona. Nyuma yake mlangoni palikuwa na ndoo ya kudekia, ya plastiki, imepasuka mdomo, ina maji machafu. Ilikuwa bluu. Ilikuwa bluu namna ambayo ilinipiga kifuani. Nililia kwa ajili ya ndoo ya kudekia, mbele ya wagonjwa wote, na Chacha akasema kwa sauti, "Si angalau ungeanza na mimi, dada?"

Nilirudi Robanda na jicho moja jipya na moja la zamani, na orodha ya marufuku: usiiname, usibebe ndoo, usikae kwenye moshi, dawa ya matone asubuhi, mchana na jioni. Yohana alipika yeye. Amepikia wageni miaka yote na nyumbani hakuwahi kushika mwiko, lakini kipindi kile alipika na kunitia matone, ingawa mazungumzo yetu bado yalikuwa machache.

Siku nilipopata nguvu nikaziangalia picha za loji, zilizokuwa zimeegemezwa ukutani zikisubiri kuchukuliwa. Nikafumba jicho la kushoto. Uji. Nilikuwa nimechora uji wa ulezi, chumba baada ya chumba. Mbingu uji, vilima uji, mto uji mwepesi. Nikafumba la kulia, nikatazama kwa lile la zamani, na palepale zikageuka kuwa nchi yangu, nzuri, zenye mbingu na mto. Nilifanya hivyo mara nyingi, nikifumba huku na kufungua kule, mpaka Yohana akaja mlangoni.

"Unaona nini?"

"Naona walichokuwa wanakisifu."

Akaja akasimama karibu. "Mimi niliona ni za udongo," akasema. "Tangu mwanzo. Nikadhani mimi ndiye sijui sanaa."

Hapo ningeweza kumsema mwaka mzima. Nikamwambia tu alete kiti, akae.

Deo alikuja wiki chache baadaye na gari la loji kuzichukua. Nilikuwa nimeshachora mpya moja, mvua ikitishia, nyasi zinawaka chini ya mbingu nyeusi. Aliitazama kwa huruma, kama mtu anayeangalia mtoto aliyefeli mtihani.

"Nzuri, Mama. Ila imerudi kelele. Haina ile hisia." Kisha akaniuliza habari za macho, nikamweleza: moja tayari, la pili ni kabla ya masika. Nikamweleza pia, kwa ujinga wangu, jinsi ninavyoona kwa kila jicho.

Macho yake Deo yaliwaka. Akasogeza kiti.

"Yaani lile la kushoto bado linaona dhahabu?"

"Linaona uji."

"Mama Neema, nisikilize. Bakiza hilo moja."

Sikuelewa.

"Bakiza. Usilipasue. La kulia utaonea njia, utapikia, utasoma Biblia. La kushoto utachorea. Unajua hakuna msanii dunia nzima mwenye kitu hicho? Naweza kuleta watu waje wakupige picha ukiwa umefumba hivi." Akafumba jicho lake kunionyesha.

Nimedharau watu wengi maishani, na wengine nimewaonea. Lakini yule kijana, amekaa kwenye kiti changu na jicho moja amefumba, anatabasamu, akiniomba nipofuke nusu kwa ajili ya kuta za watu, alinimaliza maneno. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia pale Yohana alipotoka jikoni na kisu cha vitunguu mkononi. Hakukiinua. Alikuwa anakatia vitunguu tu, alisahau kukiweka.

"Bakiza wewe lako," akamwambia.

"Baba Neema, mimi natania tu kidogo, nazungumzia sanaa…"

"Chukua picha zako za udongo. Ukimaliza kupakia, nenda."

Deo alipakia haraka sana. Loji ilizitundika zote, na ziko huko mpaka leo. Nasikia wageni wanapiga picha mbele yake, na kuna kibao kinaeleza kwamba msanii ameteka roho ya mwanga wa Afrika. Ameteka mtoto wa jicho. Lakini wakizipenda wazipende; mimi sina muda wa kuzunguka nikiwafumbua watu.

La pili lilipasuliwa kabla ya masika kama tulivyopanga. Safari hii Yohana aliomba ruhusa kazini akaja Tarime, akakaa kwenye benchi lile chini ya ule mlima wa theluji, akiwa ameshikilia viatu vyangu mapajani muda wote nilipokuwa ndani, kana kwamba kuna mtu angeviiba. Hatukumwona Bibi Nchagwa. Nilimuulizia kwa nesi. Akasema hakurudi, na hana sababu ya kurudi.

Sasa macho yote mawili ni mapya. Yanakauka kidogo upepo ukivuma, na kusoma ni mpaka miwani, ndiyo hivyo. Natoka kwenda kuchora saa sita mchana, wakati wageni wa Deo wamelala, kwa sababu nimegundua ile saa wanayoidharau ina vivuli vifupi vyenye rangi ambazo hakuna aliyezichora bado.

Sikuwahi kuchora watu. Sikuwaona wanastahili rangi. Lakini juzi, Yohana alikuwa ameketi nje, mchana, siku yake ya mapumziko, anapepeta maharage, na jua lilikuwa limemshukia kichwani lote. Nikaleta kanvasi. Alilalamika kwamba anataka kuoga kwanza. Nikamkatalia.

Baada ya muda akainuka, akaja nyuma yangu kuchungulia. Alitazama sana.

"Kumbe nimezeeka hivi."

"Umezeeka."

Akasogea zaidi, akanyoosha kidole bila kugusa. "Na hapa kichwani umeweka zambarau. Mvi zina zambarau?"

"Zina."

"Sikujua."

"Hata mimi sikujua," nikamwambia. "Rudi ukae, jua linahama."